Mchoraji Asiyeandikwa Daftarini: Kisa cha Sofonisba Anguissola katika kasri la Madrid

Katika Makumbusho ya Prado, mjini Madrid, kuna picha ya Mfalme Filipo II wa Hispania isiyojigamba hata kidogo. Mfalme amevaa mavazi meusi na kofia ndefu nyeusi. Mkono wake wa kulia umetulia juu ya kiti na wa kushoto unashika rozari. Nyuma yake hakuna pazia la dhahabu wala farasi wa vita, na anamtazama mtazamaji kama mtu aliyekatizwa katika sala yake lakini hakuona haja ya kukasirika. Picha hii ilihesabiwa kwa muda mrefu sana kuwa kazi ya wachoraji wanaume wa kasri, hasa Alonso Sánchez Coello, na ni katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 tu ndipo wataalamu walipomrudishia mwenyewe, ambaye ni mwanamke wa Kiitaliano kutoka Cremona, Sofonisba Anguissola. Swali la uchambuzi huu ni jepesi kuuliza: mtu aliyeishi katika kasri hilo takriban miaka kumi na minne, akichora sura za mfalme, malkia na jamaa zao, alipoteaje katika kumbukumbu za kasri lilelile? Jibu la haraka husema kwamba alipotea kwa sababu alikuwa mwanamke. Hilo ni kweli, ila halitoshi, kwa maana mwenyewe hakuwa amefichwa. Alikaa mbele ya macho ya watu wote, akila na kucheza dansi nao. Nionavyo mimi, kilichompoteza ni namna alivyoajiriwa.

Tuanze na jinsi alivyofika. Sofonisba alizaliwa mnamo 1532, mtoto wa kwanza kati ya saba wa Amilcare Anguissola, bwana wa ukoo wenye heshima lakini usio na fedha nyingi. Mabinti walikuwa sita na mvulana mmoja, na kila anayejua maana ya kuwatafutia mabinti sita waume katika jamii ambako ni upande wa mke unaobeba mali kwenda kwa mume, yaani kinyume cha mahari yetu, ataelewa kwa nini baba huyu aliona vipaji vya watoto wake kuwa ni rasilimali. Alimpeleka Sofonisba kujifunza kwa mchoraji Bernardino Campi, jambo ambalo halikuwa desturi kwa binti wa ukoo wa namna hiyo, kisha akaitangaza kazi yake kwa bidii ya wakala. Alimwandikia hata Michelangelo, na mzee huyo akaitazama michoro ya binti na kumpa moyo. Kufikia 1559 jina la Sofonisba lilikuwa limewafikia wakubwa wa Kihispania waliotawala Milano, na kwa njia yao likafika kwa mfalme, ambaye wakati huo alikuwa akingoja mke mpya.

Mke huyo, Isabel de Valois, binti wa mfalme wa Ufaransa, aliozwa kwa Filipo mwaka 1559 ili kutia muhuri amani baina ya nchi hizo mbili, na alipowasili Guadalajara mnamo Januari 1560 hakuwa bado ametimiza miaka kumi na mitano. Alipenda kuchora. Ikaonekana vema kwamba katika kundi la wanawake watakaomzunguka awepo mmoja wa kumfundisha, naye awe wa ukoo mzuri, mwenye adabu, ajuaye muziki, na asiye na mume. Sofonisba alikuwa na sifa zote hizo. Katika sherehe za ndoa, bwana mmoja wa ukoo wa Gonzaga alimchagua kucheza naye dansi, na aliyeiandikia Italia habari hiyo alimtaja tu kuwa ni yule Mcremona achoraye, aliyekuja kukaa na malkia. Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kuchora kumetajwa kama alama ya kumtambulisha, mfano wa kusema yule mrefu au yule mwenye sauti nzuri. Kazi yake, yaani sababu ya yeye kuwapo pale, ilikuwa ni kukaa na malkia.

Cheo alichopewa ndicho kiini cha kisa hiki. Hakuandikishwa kuwa mchoraji wa mfalme bali mwandani wa malkia, akapangiwa dukati 100 kwa mwaka pamoja na chakula, malazi na stahili za wanawake wa daraja hilo, na baba yake huko Cremona akatengewa posho. Mtu wa leo anaweza kudhani kwamba hilo lilikuwa jambo la maneno tu. Halikuwa. Katika Hispania ya karne ya 16, mchoraji alihesabiwa kuwa fundi, sawa na seremala au mshona viatu. Alifanya kazi kwa mikono yake, akauza alichotengeneza, akadaiwa kodi ya mauzo. Binti wa ukoo bora ambaye angepokea fedha kwa picha, moja baada ya nyingine, angekuwa amejishusha mwenyewe na ukoo wake, na tumaini la kuolewa na bwana wa hadhi yake lingekwisha. Kwa hiyo kasri lilifanya lililo la heshima: lilimlipa kwa kuwa yeye, wala si kwa kile alichofanya. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sofonisba alipewa jembe tangu siku ya kwanza, ila likaitwa pambo.

Siku zake zilikuwaje? Wanawake wa malkia waliishi ndani ya sehemu ya malkia, chini ya ulinzi mkali wa mkuu wao na wa mabawabu waliohesabu nani ameingia na nani ametoka. Walihudhuria misa pamoja na malkia, wakamsindikiza mezani, wakamfuata bustanini, wakacheza naye karata na muziki, wakakesha naye alipougua. Kasri lenyewe lilikuwa la kuhamahama: kwanza Toledo, kisha kuanzia 1561 Madrid, ambako ngome ya zamani iliyoitwa Alcázar ilikuwa bado ikijengwa na kutengenezwa, huku misimu mingine ikipitishwa Aranjuez, El Pardo au Valsaín penye misitu karibu na Segovia. Kila safari ilimaanisha kufunga masanduku, na kwa mchoraji ilimaanisha pia kufunga rangi, mafuta, brashi na turubai ambazo pengine hazijakauka. Sánchez Coello, mchoraji rasmi, alipewa makazi katika Nyumba ya Hazina iliyopakana na Alcázar, akakaa na familia yake, akawa na wanafunzi wa kumsagia rangi na kumnakilia picha. Sofonisba hakuwa na karakana ya namna hiyo, wala mwandani wa malkia asingeweza kuwa nayo.

Kuna barua moja inayotupa picha ya karibu ya maisha hayo, nami huiona kuwa ushahidi bora kuliko sifa zote alizoandikiwa baadaye. Mnamo Oktoba 1561 alimwandikia Campi, mwalimu wake wa zamani, ambaye alikuwa amemwomba picha ya mfalme. Anamjibu kwa unyenyekevu wa mwanafunzi kwamba hawezi kumtumia kwa sasa, kwa kuwa ana kazi ya kumchora dada yake mfalme, Bintimfalme Juana, kwa ajili ya Papa, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumpelekea Papa picha ya malkia. Kisha anaeleza kikwazo kingine: malkia anataka sehemu kubwa ya muda wake ili achore yeye mwenyewe, na hapendi Sofonisba ashughulike na kazi zake, asije akakosa mwalimu.

Tuipime hali hiyo kama mtu apimavyo ratiba ya kazi. Kwanza yupo mwajiri wa miaka kumi na sita ambaye anampenda, anamtegemea, na kwa mapenzi hayohayo anamnyima saa za kufanya kazi. Wapo wateja wa nje, tena si wadogo, kwani Papa Pius IV alimjibu kwa barua ya shukrani na sifa, na barua zote mbili, yake na ya Papa, zikachapwa na Vasari katika kitabu chake cha maisha ya wachoraji. Kuna mfalme, ambaye ombi lake haliwi ombi. Na katikati yao amekaa mtu ambaye hawezi kumwambia yeyote kati yao kwamba atakuwa na nafasi mwezi ujao, kwa sababu rasmi hana kazi ya kuchora ya kupangiwa nafasi. Mchoraji mwenye mkataba huweza kusema picha haijakamilika kwa kuwa fedha ya rangi haijaletwa. Mwandani wa malkia hana kisingizio hicho. Muda wake wote ni wa malkia, na kila picha imeibwa kutoka katika muda huo.

Na bado picha zilitoka, tena nzuri. Iliyo bora, kwa jicho langu, ni ile ya Isabel de Valois iliyoko Prado, ambamo malkia amesimama katika vazi jeusi lililojaa vito, mkononi ameshika picha ndogo ya mume wake. Kanuni za uchoraji wa kifalme zilikuwa zimekwisha kuwekwa na Tiziano, mchoraji wa Venezia, na, baada yake, Antonis Mor, Mholanzi aliyewachora Wahabsburg, yaani ukoo wa Filipo, kwa ukali wa kutisha: mwili umesimama wima, mkono unagusa kiti au nguzo, uso haucheki, nyuma ni giza. Sofonisba hakuzivunja kanuni hizo, na asingeruhusiwa kuzivunja. Alichofanya ni kuulainisha uso kwa mwanga wa Kilombardi, yaani wa eneo la Cremona, aliojifunza nyumbani, ule usioacha mstari mkali baina ya shavu na kivuli, kiasi kwamba juu ya ukuta ule mzito wa vito unaona msichana anayemjua mchoraji wake. Hapa ndipo ukaribu wa kasri, uliomla saa zake, ulipomlipa. Kwa kawaida mchoraji wa wafalme aliruhusiwa kumwona mhusika kwa muda mfupi, akanasa uso, kisha akaletewa nguo peke yake ili amalizie. Sofonisba alimwona malkia akiamka, akicheka, akiugua. Alikuwa na kile ambacho Mor na Sánchez Coello hawakuweza kukipata kwa fedha yoyote.

Sasa tuje kwenye malipo, kwa kuwa hapo ndipo uzi unapokatika. Sánchez Coello alipomaliza picha, kulikuwa na hesabu. Aliandika madai, karani wa hazina akaandika idhini, mlipaji akaandika tarehe na kiasi, na mwisho mchoraji akatia sahihi kwamba amepokea. Sofonisba alipomaliza picha, alipewa kitambaa cha hariri au kito, kama ilivyokuwa kawaida ya kumtunza mwanamke wa kasri aliyempendeza mkubwa wake. Zawadi hizo zilikuwa na thamani kubwa, pengine kuliko alizolipwa Coello, na sioni sababu ya kumhurumia katika hilo. Lakini karani aliyeandika kwamba mwandani fulani wa malkia amepewa kitambaa hakuwa na haja ya kuandika ni kwa ajili ya picha gani. Isitoshe, Sofonisba, ambaye akiwa Italia alizoea kutia jina lake kwenye picha, mara nyingine akiongeza neno la Kilatini la kuonyesha kwamba ni mwanamwali na kwamba amejichora kwa mkono wake mwenyewe, alipofika Hispania aliacha kutia sahihi. Picha hazina jina na daftari halina picha. Kisha, picha zilipopendwa, ni Coello na wanafunzi wake walioagizwa kuzinakili kwa ajili ya jamaa wa mfalme, nao walilipwa kwa nakala hizo, na malipo yakaandikwa. Kwa hiyo karatasi inamkumbuka aliyenakili kuliko aliyebuni.

Ili kuona kwamba tatizo halikuwa ugeni, mtu amtazame mgeni mwingine, El Greco, Mgiriki wa Krete aliyefika Toledo mwaka 1577. Yeye hakuwa na malkia wa kumkinga. Aligombana na kanisa kuu la Toledo juu ya bei ya picha yake ya Kristo akivuliwa nguo, akagombana na waliomwagiza kazi huko Illescas, akakataa kulipa kodi ya mauzo kwa hoja kwamba uchoraji si bidhaa ya sokoni bali ni elimu ya juu. Kesi hizo zilimchosha na kumgharimu, lakini ziliacha marundo ya nyaraka zinazosema wazi nani alichora nini, lini, na kwa kiasi gani. Hata Tiziano, aliyemtumikia Filipo akiwa Venezia bila kuuhama mji huo, alijaza barua zake malalamiko ya fedha zilizochelewa. Wenye kudai walikumbukwa. Sofonisba hakudai, kwa kuwa kudai kungekuwa kukiri kwamba anauza.

Je, alidhulumiwa? Siko tayari kusema hivyo moja kwa moja. Tusimfanye mtoto mtu aliyekuwa na umri wa miaka takriban ishirini na saba alipoingia katika mapatano haya, tena na baba aliyejua kuhesabu. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwake hata huko Italia, kwa maana mwanamke hakuandikishwa katika chama cha mafundi kama mwanamume, hakuruhusiwa kuchora mwili wa mwanamume aliye uchi, na bila hilo hakuweza kushindania kazi kubwa za makanisa, ambazo ndizo zilizokuwa na fedha. Sura za watu ndizo zilizobaki. Katika hali hiyo, cheo cha kasri kilikuwa njia pekee ya kuchora kila mwaka bila kuvunja heshima ya ukoo. Alichouza ni jina la kazi, na alichonunua ni kazi yenyewe pamoja na usalama wa uzeeni. Ninachokataa ni hadithi tamu inayosema kwamba kasri lilimheshimu kuliko wachoraji wengine, kana kwamba heshima hiyo haikuwa na bei.

Mapatano hayo yalijaribiwa Oktoba 1568, Isabel alipofariki baada ya mimba kuharibika, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akiacha mabinti wawili wadogo, Isabel Clara Eugenia na Catalina Micaela. Kwa sheria ya kasri, malkia akifa nyumba yake huvunjwa, na wanawake wake hurudishwa kwao au huozwa. Mchoraji mwenye cheo cha mchoraji angeendelea na kazi siku iliyofuata. Sofonisba, ambaye cheo chake kilikuwa ni kukaa na mtu ambaye sasa hayupo, alibaki bila sababu rasmi ya kuwapo, na bado hakuondolewa. Alikaa hadi malkia mpya, Ana wa Austria, alipofika mwaka 1570, na baada yake pia. Hapo ndipo tunapojua kwamba kasri lilitambua vizuri sana alikuwa nani. Lilikuwa limeandika mwandani wa malkia, lakini lilijua lina mchoraji.

Picha ya Filipo tuliyoanza nayo inabeba alama za miaka hiyo ndani ya rangi yake. Uchunguzi wa eksirei umeonyesha kwamba chini ya mfalme tunayemwona leo kuna mkao mwingine wa mikono; ilichorwa kwanza katikati ya miaka ya 1560, na mnamo 1573 ikabadilishwa ili ilingane na picha ya Malkia Ana na kuwa jozi yake. Ndipo mfalme aliposhikishwa rozari. Mwaka huohuo Sofonisba alikuwa akijiandaa kuondoka. Mfalme alikuwa amemtafutia mume, Fabrizio Moncada, bwana wa ukoo mkubwa wa Sisili, akamtolea mali ya kwenda nayo na kumwekea dukati 1,000 kwa mwaka kutoka forodha ya Palermo. (Wasomaji wa pwani watamkumbuka mfalme huyu kwa jambo jingine: baada ya kuitwaa Ureno alikuwa bwana wa Wareno waliokuwa kwetu, na ni kwa amri yake kwamba Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, ambaye kwa kuwa alikuwa fundi wa kulipwa hakupata tabu ya kujulikana.)

Kilichofuata kinaelezeka kwa ufupi. Moto uliunguza kasri la El Pardo mwaka 1604, na pamoja nalo ukumbi wa picha za ukoo wa kifalme. Moto mwingine uliteketeza Alcázar ya Madrid usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1734. Zilizookolewa zilirushwa nje, zikahamishwa, zikaorodheshwa upya na watu ambao mbele yao palikuwa na turubai zisizo na sahihi na madaftari yaliyojaa jina la Coello. Walifanya ambalo karani yeyote angefanya. Na Sofonisba hakuwako kusahihisha; Moncada alikufa majini mwaka 1578, yeye akaolewa tena na nahodha wa Genova, Orazio Lomellini, akaishi Genova miaka mingi akichora na kupokea wageni, na uzeeni akarejea Palermo, karibu na forodha iliyomlipa posho yake.

Huko Palermo, tarehe 12 Julai 1624, alitembelewa na kijana Mflemi aliyekuwa amekuja kumchora liwali wa Sisili. Kijana huyo ni Anthony van Dyck, na daftari lake la safari limehifadhiwa leo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Amemchora bibi mzee aliyejifunika shela, kwa mistari michache ya kalamu, na pembeni ameandika kwamba ana miaka tisini na sita, ingawa huenda alikuwa na pungufu kidogo, kwamba akili na kumbukumbu yake ni timamu, na kwamba macho yake yamefifia kiasi cha kuhitaji kusogeza picha karibu na pua. Anaeleza pia kwamba alipokuwa akimchora, bibi huyo alimpa mawaidha ya kazi: asiuweke mwanga juu mno, vivuli vya makunyanzi visije vikazidi. Juu ya ukurasa, kabla ya hayo yote, Van Dyck ametanguliza jina lake, na baada ya jina, neno moja la Kiitaliano la kumweleza ni nani: pittricia, yaani mchoraji wa kike.